Jirani Asiyekataa Kitu

6 Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba lori la dawa halikuiangusha njiani kama lilivyoangusha viatu vyangu vya shule mwaka ule. Mimi sijambo. Nywele nimezisuka mwenyewe, na upande mmoja umetoka vizuri. Baba aliandika kabla sijaondoka, mistari minne tu. Wewe anakusalimu katika mstari wa tatu.

Chumba nimepata. Kiko nyuma ya duka la magodoro, kina kitanda, meza na dirisha linalotazama ukuta wa njano. Asubuhi ule ukuta unapata jua kwa robo saa, nami najitahidi chai yangu iwe tayari wakati huo. Kati ya chumba changu na cha pili kuna ubao tu, si matofali, kwa hiyo namsikia jirani hata akivua ndala. Ni dada, amenizidi miaka michache. Tumeshazoeana. Jana nilimwomba pasi, akanipa bila neno. Kwa hiyo usiwe na wasiwasi kwamba niko peke yangu.

Kuhusu kazi. Ofisi ina watu sita, iko juu ya kiwanda cha uchapaji, na mashine za chini zikianza kazi, kalamu zinatembea zenyewe mezani. Mkubwa wetu ni mama mmoja mrefu. Sisi tunamwita Bosi, yeye anatuita wote "wataalamu", hata mimi niliyemaliza shule juzi. Amenipa miezi mitatu. Mwisho wa Aprili atasema kama nabaki au nafungasha.

Tunaandika programu ya kulinda friji za chanjo kwenye vituo vya afya kama chako. Programu yenyewe haiandikwi kama kitu kimoja kirefu. Inakatwa vipande, na kila kipande ni kama mfanyakazi mwenye kazi yake moja. Kuna Kipimajoto, kazi yake ni kusema friji ina nyuzi ngapi. Kuna Kengele, kazi yake ni kulia. Katikati yupo Mlinzi, ambaye ni wangu. Mlinzi anakiuliza Kipimajoto, na joto likipita nyuzi nane anaiamuru Kengele ilie.

Sasa nitajuaje kama Mlinzi wangu ana akili? Siwezi kukaa kusubiri friji ya kweli iharibike. Tena nikimjaribu pamoja na wenzake wote halafu kitu kikaenda kombo, sitajua wa kulaumiwa ni nani. Kwa hiyo namwekea wenzake wa uongo. Ofisini wanawaita moki. Mimi nawaita makaimu, kwa sababu ya yule kaimu mwalimu mkuu wetu aliyekalia kiti miaka miwili bila kuamua chochote. Kaimu wa Kipimajoto hapimi kitu. Namwambia, "Mlinzi akikuuliza, sema ishirini," naye anasema ishirini. Kaimu wa Kengele halii, anahesabu tu ameamriwa mara ngapi. Mlinzi akifanya sawasawa, mstari wa kijani unatokea kwenye kioo cha kompyuta. Akikosea, unatokea mwekundu.

Naipenda kazi hii, Shangazi. Kaimu hakushtukizi. Anajibu ulichomfundisha, basi.

Goti lako likoje? Na ule mpango wa kuja mwezi wa nne bado upo?

Mwanao,
Kasauti


22 Februari

Kasauti wangu,

Marahaba, mwanangu, marahaba mara mbili. Barua yako imefika imekalia boksi la glovu, inanuka spiriti, nikaisoma nimesimama dirishani. Huku tunaendelea. Paka amezaa ndani ya droo ya mafaili ya wajawazito. Nadhani alisoma kibandiko. Simu bado inashika mtu akipanda juu ya tangi la maji, na mimi siku hizi sipandi, kwa hiyo wewe andika tu.

Goti halijambo.

Makaimu wako nimewaelewa kuliko unavyodhani. Kwani mimi wakunga wapya nawafundisha na nani? Na yule mwanasesere wa mpira. Wanamzalisha vizuri ajabu. Hatelezi, halii, hana haraka, na mama yake ni boksi. Halafu siku inafika anakuja mtoto wa kweli, anateleza kama sabuni, na mama yake anamng'ata mkunga mkono. Mwanasesere simkashifu hata kidogo. Bila yeye wangejifunzia wapi? Wangejifunzia kwa watoto wa watu? Ila kila mwaka, kabla sijamtoa kwenye mfuko wake, huwa najiuliza kama aliyemtengeneza aliwahi kumshika mtoto.

Basi nakuuliza na wewe: huyo Kipimajoto wa uongo, maneno ya kumfundisha umeyatoa wapi? Cha kweli umekiona?

Nimefurahi umepata mwenzako. Nilikupa jina la Kasauti kwa sababu ulikuwa ukiomba maji kwa sauti ya mbu, na tangu uondoke nimekuwa nikijiuliza nani atakusikia huko. Huyo jirani anafanya kazi gani? Anakoroma?

Kuhusu mwezi wa nne, tutaona.

Shangazi yako


10 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Nimecheka peke yangu kwa habari za paka mpaka nikaziba mdomo, maana ubao wetu ni mwembamba. Mimi mzima. Mvua imeanza, na dirisha langu halifungi vizuri, nimeliwekea gazeti.

Jirani hakoromi. Anafanya kazi kwenye duka la vitabu. Tunaongea kila jioni, mimi upande huu na yeye upande ule. Jumamosi nilimwambia twende sokoni, akasema haya. Halafu nikamwambia nimechoka, tusiende, akasema haya, hamna shida. Ni mtu mwenye moyo mzuri.

Kazini nimefikisha majaribio sitini na nne, na yote ni kijani. Nimemjaribu Mlinzi kwenye joto, kwenye baridi, umeme ukikatika, mlango wa friji ukisahauliwa wazi. Bosi alisimama nyuma yangu akatazama zile rangi akasema, "Mtaalamu, hii ni bustani." Nikasema asante, lakini alikuwa ameshaondoka.

Kipimajoto cha kweli ni kazi ya mzee mmoja tunayemwita Bwana Waya. Anakaa chumba cha nyuma na friji ya kujaribia, anavaa miwani mbili, moja juu ya nyingine, na chumba chake kinanuka risasi iliyoyeyuka. Siku yangu ya kwanza nilimsikia akimwambia mtu wa uchapaji, "Swali la kijinga linaniunguza kuliko hiki chuma cha kulehemu." Tangu hapo mlangoni kwake napita kwa ncha za vidole.

Lakini usiwe na hofu. Nimekuta maelezo yake kabatini, yameandikwa vizuri. Yanasema waya wa Kipimajoto ukichomoka, kinapiga ukelele wa "hakuna waya". Basi kaimu wangu nimemfundisha hivyohivyo: nikimwambia waya umechomoka, anapiga ukelele, Mlinzi anasikia, Kengele inaamriwa. Kijani.

Goti lako, Shangazi? Na mwezi wa nne?

Mwanao,
Kasauti


4 Aprili

Kasauti wangu,

Marahaba. Usihesabu siku. Lori liliharibika, tukakaa wiki tatu bila barua, bila bandeji na bila dereva wa kutaniana naye. Paka wadogo wameshafumbua macho. Wanafunzi wangu wamebatiza mmoja Faili.

Goti halijambo. Mwezi wa nne sitaweza, kazi ni nyingi. Usinune.

Ndani ya kifurushi hiki kuna sweta mbili. Ya bluu ni yako, ya kijani ni ya jirani yako. Nimezifuma nikiwa nimekaa, sasa nina muda mwingi wa kukaa. Yake nimeikisia, kwa sababu kila nikizisoma barua zako sioni kama ni mnene au mwembamba, mrefu au mfupi. Nimejua tu kwamba ana moyo mzuri.

Na hapo, mwanangu, niliziweka barua zako mbili mezani nikazisoma tena. Umemwomba pasi, amekupa. Umesema twende, amesema haya. Umesema tusiende, amesema haya. Mimi nimekulea tangu unatambaa, na wiki moja haikuwahi kupita bila kukukatalia kitu. Huyo jirani hajakukatalia hata kimoja. Hajawahi hata kuchelewa kujibu.

Sisemi zaidi. Mpe sweta yake. Akishaijaribu, mwambie aniandikie mistari miwili kwa mkono wake mwenyewe, nijue kama imemkaa.

Shangazi yako


18 Aprili

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Sweta zimefika. Yangu nimeivaa sasa hivi ninapoandika, na imenikaa. Baba hajaandika. Dirisha limepata kioo kipya. Habari nzuri zimeishia hapo.

Jumatatu tulimuunganisha Mlinzi wangu na Kipimajoto cha kweli kwa mara ya kwanza. Tulisimama wote sita kuizunguka friji. Bosi akazima friji, akafungua mlango wake, akauchomoa waya wa Kipimajoto kwa mkono wake, akasema, "Haya, tusikie kengele."

Hatukusikia kitu. Kioo kilisema nyuzi nne. Baada ya dakika tano kilisema nne. Baada ya dakika ishirini kuta za friji zilikuwa zinatoka jasho, na kioo kikasema nne. Mlinzi wangu alikuwa anauliza kila dakika, anaambiwa nne, anaridhika. Bosi akaingiza mkono ndani ya friji.

"Wataalamu," alisema, "humu ndani kuna joto kama mfukoni mwangu."

Bwana Waya alivua miwani moja. "Waya ukichomoka kinarudia kipimo cha mwisho," alisema. "Tangu mwaka juzi. Nani kakwambia kinapiga ukelele?"

"Nilisoma," nikasema.

"Sema kwa sauti."

"Nilisoma. Kabatini."

"Kabatini! Yale makaratasi ni ya kipimajoto cha kwanza, kilichokufa kabla hujaingia kidato cha tatu. Mimi nakaa hatua kumi na nne kutoka mezani kwako, binti. Ungeniuliza."

Baadaye, wenzangu walipokwenda kula, nilizihesabu zile hatua. Ni kumi na moja.

Bosi hakunigombeza, na hilo limeniuma zaidi. Alisema kama ile friji ingekuwa kituoni, chanjo zote zingeharibika, na mama angetembea nusu siku na mtoto wake mgongoni, mtoto akachomwa sindano ya maji. Alisema majaribio yangu sitini na nne hayana kosa hata moja ila yamempima mtu ambaye hayupo. Nimepewa mpaka tarehe thelathini. Friji ikinyamaza tena, narudi nyumbani.

Jioni nilikaa kitandani na sweta ya kijani mapajani. Shangazi, najua unajua, lakini ngoja niandike mwenyewe.

Jirani yupo kweli. Ana ndala, ana redio, ana kikohozi cha asubuhi. Lakini sijawahi kuzungumza naye. Uso wake sijauona sawasawa, nimeona mgongo wake mara mbili ukishuka ngazi. Pasi sikumwomba. Siku ile nilijizoeza jinsi ya kuomba, nimeukabili ubao. Nikasema, "Dada, samahani, una pasi?" Halafu nikajijibu kwa sauti yake, yaani sauti niliyoikisia, "Ninayo, chukua tu." Ikawa rahisi sana. Kesho yake nikaomba kitu kingine. Nikazoea. Kila jioni namwuliza na kumjibia, na duka la vitabu nimempa mimi. Nilikuwa nimepanga kwamba nikishajizoeza vya kutosha nitakwenda kugonga mlango. Sasa ni miezi miwili na nusu.

Nakuomba radhi kwa kukudanganya. Sikutaka ukae huko unaniwazia. Sweta yake nifanyeje? Niirudishe kwa lori?

Mwanao


24 Aprili

Kasauti,

Marahaba. Barua hii nimempa mtu wa gari la wagonjwa, ikufike kabla ya tarehe zako. Nina wanafunzi wananisubiri, nitaandika haraka.

Sweta usiirudishe. Mimi nilimfumia jirani yako. Sikumfumia yule uliyemtunga, huyo hana mabega.

Hujanikosea kiasi unachodhani. Mwaka niliohamia huku nilikuwa namwandikia baba yako kwamba nina mashoga wanne, mmoja anapika, mmoja anaimba. Walikuwa mbuzi wa mlinzi wa kituo. Kwa hiyo hili umelitoa upande wetu, usimsingizie mtu mwingine.

Lakini nisikilize. Mtu anapojizoeza anamwacha mwenzake nafasi ya kujibu vibaya. Wewe hukumwachia huyo dada hata nafasi ya kukwambia "sina pasi". Na yule mzee wa miwani, ulimwogopa, ukaenda kuuliza kabati. Kabati limekujibu, tena kwa adabu.

Nenda kwa mzee kwanza, kwa sababu ya friji. Usitafute maneno mazuri. Gonga. Ukishagonga, wewe kazi yako imekwisha, inayobaki ni ya aliye ndani.

Goti halijambo.

Shangazi yako


5 Mei

Shangazi mpendwa,

Shikamoo, shikamoo tena. Hii itakuwa ndefu. Kaa vizuri.

Barua yako ilinifikia tarehe ishirini na nane, saa nne asubuhi, ofisini. Niliisoma, nikaikunja, nikatembea hatua kumi na moja kabla sijapoa. Nikagonga.

"Nani?"

"Mimi."

"Mimi ni jina la watu wengi."

Nikaingia. Nikamwambia nataka kujua Kipimajoto kinafanya nini katika kila hali, mbaya na nzuri, na kwamba baadhi ya maswali yatakuwa ya kijinga. Alinitazama kupitia miwani zote mbili. Halafu akasogeza kiti kwa mguu, akasema, "Kaa. Usiguse hicho chuma."

Tulikaa mpaka jua likaondoka dirishani. Anaongea sana, Shangazi. Kumbe hakuna anayeingia mle ndani. Alinionyesha jinsi waya unavyochomoka, jinsi unavyolegea bila kuchomoka, jinsi maji yakiingia kwenye kiungo cha waya Kipimajoto kinavyosema nyuzi mia moja na ishirini na saba. Kila kitu tulikifanya kwenye kile cha kweli, nami nikaandika kinachojibu. Nilipomwuliza kwa nini kinarudia kipimo cha mwisho badala ya kupiga ukelele, alikuna kidevu. "Kilikuwa kinapiga ukelele kwa kila mtikisiko," alisema. "Wauguzi wakachoka, wakawa wanakizima. Nikakituliza." Halafu akasema polepole, "Nilikituliza mno."

Tumekubaliana hivi. Kila mara Kipimajoto kikisema joto, kiseme na saa kilipolipima. Nyuzi nne, saa tatu na dakika kumi. Kama kipimo ni cha zamani, Mlinzi hakiamini hata kiwe kizuri namna gani, na anaiamuru Kengele ilie. Makaimu wangu sikuwafukuza, bado nawahitaji, ila nimewafundisha upya, safari hii kwa maneno ya kile cha kweli. Nina kaimu mmoja anayerudia nne, nne, nne kwa saa ileile kama mtu aliyelala macho wazi. Huyo ndiye ninayempenda kuliko wote. Na tumeandika majaribio mengine madogo, machache, ambayo hayana kaimu ndani yake, yanayokiuliza Kipimajoto chenyewe kama bado kinafanya tulichoandikiana. Bwana Waya anayaendesha kila asubuhi. Anasema ni kama kupigiwa hodi.

Tarehe thelathini Bosi alichomoa waya. Dakika ya kwanza, nne. Dakika ya pili, nne. Nilikuwa nimeishika meza. Dakika ya tatu Kengele ililia, Shangazi, ililia mpaka wa uchapaji wakapanda kuuliza nani amekufa. Bosi aliiacha ilie. Halafu akarudisha waya, akachukua mkoba wake, akasema, "Mtaalamu, Jumatatu uje mapema, kuna friji za mkoa mzima." Hakusema nimebaki. Nimekwenda Jumatatu na meza yangu ilikuwa pale.

Sasa jirani.

Jioni hiyohiyo ya tarehe thelathini niliona nisipokwenda wakati bado nimechangamka sitakwenda tena. Nilichukua sweta ya kijani, nikasimama mlangoni kwake. Nilikuwa nimejizoeza sentensi moja tu. Nikagonga.

Alifungua akiwa na bisibisi mkononi na grisi mpaka kwenye viwiko. Ni mrefu, Shangazi, mabega kama kabati. Hafanyi kazi duka la vitabu wala chochote cha kufanana. Ni fundi wa lifti. Anashinda ndani ya mashimo ya maghorofa.

Nikasahau sentensi. Nikanyoosha sweta.

Aliitazama, akanitazama. Akasema, "Kwa hiyo ni wewe."

"Mimi nani?"

"Unayeniita kila jioni. 'Dada, samahani.' Nasikia vizuri tu. Mara mbili nimeamka nije nikuitikie, nafika mlangoni kwako nakuta umeshajijibu. Nikarudi."

Nilitamani ule ubao unimeze. Nikamwomba radhi kwa ile sauti ya mbu. Akaniambia, "Nyamaza kwanza. Kuna siku ulinifanya niseme nitakufulia mashuka. Mimi? Nilitaka kubomoa ukuta." Halafu akaanza kucheka, akakohoa kile kikohozi chake, akaendelea kucheka. Mimi nilianza kulia, na hilo sikulitazamia. Yeye pia hakulitazamia. Alitafuta pa kuifuta mikono, akakosa, akanipa kiti kwa kiwiko.

Nikamwuliza kama ana pasi.

Akasema, "Sina. Iliungua mwaka jana."

Sijui kwa nini jibu hilo limenifurahisha vile. Aliniuliza pia kwa nini sikugonga siku ya kwanza, nikasema sijui. Akasema na yeye hajui kwa nini hakugonga. Amekaa pale miaka mitatu, na hakuna aliyewahi kumwita kwa jina lolote. Alikuwa akizima redio ili anisikie.

Jumapili nilimwambia twende sokoni. Akakataa, alikuwa amechoka. Nimekwenda peke yangu, lakini nimemletea betri za redio.

Mistari miwili uliyoitaka iko chini, kwa mkono wake. Grisi uisamehe.

Jambo la mwisho. Nimezitandaza barua zako zote tatu kitandani, kama ulivyozitandaza zangu. Goti halijambo. Goti halijambo. Goti halijambo. Maneno mawili yaleyale tangu Februari. Tangi la maji hupandi. Una muda wa kukaa na kufuma sweta mbili. Barua uliisoma umesimama dirishani mwezi wa pili, na tangu hapo hujasimama mahali popote katika barua zako. Shangazi, mimi ni Mlinzi mjinga, nimekuwa nikiuliza kwa barua, naambiwa nne, naridhika. Sikuamini tena. Nataka kipimo kipya, na saa yake.

Mwanao,
Kasauti

*Shangazi, shikamoo. Sweta ni nzuri ila mikono ni mirefu, nimekunja. Huyu mtoto wako anaongea sana.*


20 Mei

Kasauti wangu,

Marahaba, na umwambie fundi marahaba yake pia iko humu. Mikono nitaipunguza akinitumia vipimo. Barua yake nimewasomea wanafunzi, hapo aliposema unaongea sana nikarudia mara tatu, hawakuniamini. Paka amehamia kwenye droo ya waliotoka hospitali.

Leo ni Jumanne, saa mbili na nusu asubuhi. Nimekaa kwenye kitanda cha wagonjwa, si upande wa muuguzi. Nimeyapima magoti yote mawili kwa utepe wa kushonea. La kulia lina sentimita thelathini na nane. La kushoto lina arobaini na tano, na lina joto. Nimetembea na fimbo tangu Januari, tangu kabla hujaondoka, nilikuwa naificha nyuma ya mlango ukipita. Zamu za wodini wameniondolea mwezi wa tatu. Wananiweka mezani naandika majina. Kwa mwanasesere nafundisha nimekaa. Daktari anasema lipasuliwe, na pawe na mtu wa kunishika wiki mbili za kwanza. Nilimwambia mtu huyo yupo. Hakuwepo, nilimtunga.

Nitakupimia tena Ijumaa, saa hiyohiyo.

Muulize Bosi wako kama anaweza kukuachia wiki mbili. Akisema hapana, niandikie amesema hapana.

Shangazi yako